Ombi la Kufungwa kwa Klabu ya Jumatano

Kutoka: Mkuu wa Kitengo cha Fiziotherapia, chumba cha mwisho ukishapita stoo ya magongo
Kwenda: Mkurugenzi wa Hospitali, ghorofani

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu zikufikie hapo juu, pamoja na tumaini langu kwamba shingo yako inaendelea kugeuka pande zote mbili tangu tulipoishughulikia. Mimi kwa mwili ni mzima. Kwa moyo, tuseme nashukuru, maana mtu hashukuru kwa mazuri tu.

Nimeliona tangazo lako kwenye ubao ulio jirani na dirisha la dawa. Linasema chumba cha mikutano kinatakiwa kwa shughuli nyingine, na kwamba sisi wakuu wa vitengo tuandike kabla ya Ijumaa kama ile Klabu ya Majarida inayokutana humo kila Jumatano mchana iendelee au ifungwe. Nakushukuru kwa kutuuliza. Wenzangu wataandika mistari miwili na kwenda zao. Mimi ninayo mengi, kwa hiyo naomba uketi, na uketi ukiwa umenyoosha mgongo. Kinachogombaniwa hapa, kwangu mimi, si chumba wala viti vyake. Ni jina langu, na kazi ya mikono yangu tangu nilipokuwa na nywele.

Huenda hujawahi kuhudhuria, basi nikueleze. Klabu ilianzishwa na yule binti wa kitengo changu, aliyekuja kwetu juzijuzi na cheti kibichi na viatu visivyotoa sauti, kiasi kwamba hujui yuko nyuma yako mpaka aulize swali. Wenzake wamembatiza Binti Ushahidi na jina limemkaa. Wanakutana watu wa fiziotherapia, wa lishe, wa eksirei, wa maabara, na yule bwana anayewafundisha wagonjwa wa kiharusi kuvaa shati upya. Madaktari hawamo. Hao wana vikao vyao, vyenye soda.

Utaratibu wao ni huu. Mmoja anachagua makala ya utafiti, anaigawa mapema, kisha siku ya kikao anawaeleza wenzake akina nani walipimwa, walikuwa wangapi, walilinganishwa na akina nani, na kama watu hao wanafanana na wagonjwa wetu sisi. Halafu wote wanaihoji ile karatasi kama askari anavyomhoji mtu aliyekutwa na baiskeli isiyo yake. Hapo nisingekuwa na neno. Watu wazima wakitaka kubishana na karatasi saa ya chakula, njaa ni yao. Tatizo ni sheria yao ya mwisho. Hakuna kutoka chumbani kabla hawajakubaliana jambo moja la kubadilisha kazini, na Jumatano inayofuata wanaulizana kama wamelibadilisha kweli. Mkurugenzi, umewahi kuona wapi kikao kinachokumbuka kilichosemwa kwenye kikao kilichopita?

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Heshima imeanguka, na imeanguka kwa adabu, jambo ambalo ni baya zaidi. Binti huyu hana ufidhuli hata kidogo. Ananiamkia vizuri, shikamoo iliyonyooka, mikono nyuma, halafu ndipo anauliza. Siku moja nilimwambia mgonjwa aliyeteguka kifundo cha mguu kwamba alale, asikanyage chini mpaka uvimbe uishe wote. Mgonjwa alipotoka, binti akaniuliza hilo tulilipata wapi. Nikamwambia nililipata kwa mwalimu wangu. Akauliza mwalimu wangu naye alilipata wapi. Nikamtajia mwalimu wa mwalimu wangu, na hapo ukoo ukaniishia. Akashukuru, akaenda zake. Jumatano iliyofuata walisoma makala ya vifundo, na Alhamisi wagonjwa wangu walikuwa wanatembea ukumbini na bandeji zao wakinipungia mkono.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku hizi mkuu ndiye anayeulizwa ni miguu mingapi ilivunjika, kati ya watu wangapi, na wale waliosikia la mkuu ilivunjika mingapi. Nakuuliza wewe kama mtu mzima mwenzangu, jamii itaendeshwaje namna hiyo.

2. Picha zimepungua. Mpiga eksirei wetu alikuwa mtu mkarimu. Ukija na mgongo, unapigwa picha ya mgongo. Ukija kumsindikiza mwenye mgongo, ukikaa vibaya nawe unapigwa. Wagonjwa walimpenda. Walitoka na ile bahasha kubwa ya kahawia, wakipanda basi wanaishika juu ili isikunjwe, na abiria wote wanajua kwamba hapa pana maumivu yaliyothibitishwa. Tangu asome makala inayosema migongo mingi ya kawaida haihitaji picha mwanzoni, amekuwa bahili. Anamuuliza mgonjwa maswali, anampima, anamwambia mgongo huu picha yake haitatuambia kitu, nenda kwa Mzee pale mwisho ukafanye mazoezi. Mzee pale mwisho ni mimi. Wanakuja wamekasirika, mikono mitupu, na hasira zote za bahasha wananimalizia mimi.

3. Wagonjwa wanapona.

Naomba usiliruke hili. Nje ya mlango wangu kuna benchi refu, na kwa miaka benchi hilo lilikuwa limejaa. Watu walijuana pale. Walibadilishana dawa za kikohozi na habari za watoto. Najua posa moja iliyopangwa pale, kati ya mjomba wa bega la kulia na mama mmoja wa kiuno, na ndoa ikafungwa kabla bega halijapona. Mgonjwa wangu akishapata nafasi kwenye benchi lile, hatoki. Sasa hivi Binti Ushahidi anamfundisha mgonjwa mazoezi ya kufanya mwenyewe nyumbani, anamchorea, anamwambia arudi baada ya majuma kadhaa tu akaonyeshe anavyofanya. Na wengine hawarudi kabisa. Wanatuma salamu kwamba wamerejea shambani, dukani, kwenye ngoma za arusi. Mgonjwa anafundishwa kujitibu. Kesho tutamfundisha abiria kuendesha basi, na dereva tumweke wapi?

Juzi mgeni kutoka wizarani alipita, akaliona benchi tupu, akaniuliza kama leo ni sikukuu. Nilimjibu ndiyo.

4. Mlinzi wa getini naye, ambaye ananifahamu tangu hajaota ndevu, aliniuliza Jumatatu kama nina ushahidi kwamba mimi ni mfanyakazi wa hapa. Alisema anatania. Utani huu ulianzia wapi, wewe unapajua.

5. Lalamiko la tano nimelifuta baada ya mke wangu kulisoma.

6. Sasa hapa ni lazima nieleze kwamba mke wangu ndiye mtaalamu wa lishe wa hospitali yako na, kwa msiba wangu, ndiye katibu wa klabu. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kipo hata mezani. Zamani nikisema jambo nyumbani lilikuwa limesemwa. Nilisema kwamba kulala kidogo baada ya chakula cha mchana humwongezea mtu miaka. Mke wangu hakubisha. Aliendelea kumenya viazi, akaniuliza wale waliolala walilinganishwa na nani. Nilisema chai yenye sukari ya kutosha hutuliza mishipa. Akaniuliza mishipa ipi. Mtu anakwenda nyumbani kupumzika, anajikuta yuko mbele ya kamati.

Lakini hilo ningelimeza. Kisichomezeka ni suala la mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mtu ninayemheshimu sana, na ninaandika hivyo bila kulazimishwa ingawa barua hii itasomwa tena na yule aliyesoma ya tano. Magoti yake yote mawili yalikuwa mabaya. Alikuwa mgonjwa wangu mwaminifu. Analetwa, analala chini ya taa yangu ya joto, anafumba macho, ananisifu, anarudishwa kwake. Sisi tunaishi ghorofa ya tatu, lifti hakuna, na tangu tuhamie pale mama mkwe hakuwahi kupaona. Kila mwaka alisema angependa kuja, kila mwaka nami nilisikitika pamoja naye, tena kwa sauti.

Basi klabu ikasoma habari za magoti. Mke wangu akamhamishia mama yake kwa Binti Ushahidi pasipo hata kunigusa bega. Mama akaanza kufundishwa kuinuka kitini bila kushika mikono, kupanda kipandio kimoja na kushuka, kisha viwili, akinung'unika njia nzima. Alininung'unikia na mimi, nikamwambia mama, hawa watoto watakuua, rudi kwenye taa. Hakurudi. Na Jumamosi moja asubuhi mlango wetu ukabishwa hodi.

Alipanda ngazi zote, Mkurugenzi. Hakupumzika hata kwenye ile kona ya ghorofa ya pili ambapo mimi huwa nasimama kujifanya natafuta funguo. Mke wangu akafungua mlango. Alimkumbatia mama yake shingoni wakalia wote wawili pale kizingitini, majirani wakatoka kuuliza nani kafariki. Mimi nilikuwa nimevaa kaptula.

Tangu siku hiyo anakuja apendavyo. Hatoi taarifa, kwa sababu miguu ni yake. Amekagua masufuria. Amepanda kistuli akafika juu ya kabati, mahali ambapo binadamu hajafika tangu tulipohamia, akashuka na kitambaa cheusi akanionyesha mimi. Na kiti changu, kile cha dirishani, ameamua ndicho chenye urefu mzuri wa kufanyia mazoezi ya kuinuka. Anainuka na kukaa, anainuka na kukaa, nami niko kwenye kigoda nasubiri amalize seti. Ghorofa ya tatu ilikuwa ngao ya ndoa yangu, na klabu hii imeiondoa bila kuniuliza.

7. Nimefika kwenye taa. Hapa naomba usome polepole.

Unaifahamu. Ni ile nyekundu yenye shingo ndefu, imesimama kwenye kona ya chumba changu tangu enzi za mwalimu wangu, aliyeniachia pamoja na funguo za kitengo. Mgonjwa wa goti analala, naigeuza shingo, joto linashuka, na unauona uso unalegea. Kwa ajili yake watu wananiita Mzee wa Taa, hata sokoni, hata watoto wa watu niliowatibu. Jina hilo sikujipa.

Ile makala ya magoti, aliyoileta mpiga eksirei, ilisema mazoezi ya kuimarisha mapaja ndiyo yanayosaidia zaidi, na kuhusu joto peke yake haikuwa na la maana la kusema. Jambo la kubadilisha wiki hiyo likawa kwamba goti lianze na mazoezi, taa isubiri. Nilipoambiwa nilicheka kwa heshima, kisha nikaenda kujifungia stoo pamoja na magongo.

Nilikasirika, sikufichi. Nikasema dawa ya moto ni moto. Wanataka utafiti, nitawapa utafiti. Niliwaeleza wagonjwa wangu wa magoti kwamba nataka kuijaribu taa, na kwamba kuna watakaolala chini yake ikiwa haiwaki, bila kujua ni akina nani. Wakakubali wote, maana hawajawahi kunikatalia kitu. Kila mmoja akachota karatasi kwenye kofia yangu, hakuna upendeleo. Nusu wakaangukia taa inayowaka. Nusu wakaangukia taa ileile, imezimwa, taulo usoni wasione. Chumba changu kinapigwa na jua la mchana, kwa hiyo joto la kudanganyia lilikuwepo. Fundi cherehani mmoja mwenye ulimi mkali, aliyekuwa kwenye kundi la taa iliyozimwa, alilalamika kwamba leo inamchoma kupita kiasi na akaomba niisogeze juu kidogo. Nikaisogeza.

Matokeo ni haya. Waliolala chini ya taa inayowaka waliendelea vizuri. Maumivu yalipungua, hatua ziliongezeka. Waliolala chini ya taa iliyozimwa nao waliendelea vizuri, kiasi kilekile. Jumatano iliyofuata niliingia klabuni kwa mara ya kwanza bila kufuata mkate na chai. Nikasimama mbele yao wote, nikawatangazia kwamba sasa imethibitishwa kwa njia yao wenyewe: taa yangu ina nguvu kiasi kwamba inaponya hata ikiwa imezimwa.

Mke wangu alikuwa anaandika kumbukumbu akaacha kuandika. Yule bwana wa mashati akatazama dirishani. Nilidhani nimewamaliza.

Ndipo Binti Ushahidi akainua mkono, na kwa sauti ileile ya shikamoo akauliza kama, ukiiweka taa pembeni, kuna kitu kingine ambacho makundi yote mawili yalikipata kutoka kwangu. Nikamjibu hakuna. Nawapokea mlangoni. Nalishika goti kwa mikono yote miwili, nalikunja na kulikunjua huku nikiwauliza habari za wajukuu. Nawatembeza hadi dirishani na kurudi, nawainua kitini na kuwakalisha mara kadhaa, nawaambia wafanye hivyohivyo nyumbani, maana sipendi kumwona mtu amekaa tu akisubiri zamu ya taa. Basi. Nikamwambia, hiyo si tiba, mwanangu, hayo ni mapokezi. Aliandika kila neno, na mke wangu naye akaandika, na mpiga eksirei akaandika nyuma ya bahasha ya mgonjwa.

Hawakunicheka. Ningependa wangenicheka, maana kicheko ningekijibu.

Mkurugenzi, tangu siku hiyo sijakaa sawa. Nikiifikia swichi, mkono unakuwa mzito. Mgonjwa akiniambia ahsante, nachungulia nyuma nione anamwambia nani. Nina uchungu, na naomba uniruhusu kulisema hilo kwenye barua ya kikazi. Kama taa haikuwa inaponya, mimi nilikuwa nafanya nini humo ndani miaka yote hiyo? Nilikuwa mtu wa kuwasha na kuzima? Kijana ukimuuliza swali hilo ana muda wa kutafuta jibu. Mimi mwakani nastaafu, nitakabidhi funguo na kwenda kukaa kwenye kigoda. Sitaki kwenda kukaa nalo. Hata ukiyatupa malalamiko yangu mengine yote, hili moja linatosha, na kwa ajili yake klabu ifungwe.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Klabu ivunjwe ifikapo Ijumaa. Kama hilo ni gumu, basi iruhusiwe kusoma makala zinazokubaliana na yale tunayoyafanya tayari. Kama nalo ni gumu, isome chochote itakacho mradi isibadilishe kitu, kama vikao vyetu vingine vyote. Na kama na hilo halitawezekana, chumba kigeuzwe stoo, na mimi niko tayari kuyahamisha magongo mwenyewe, moja moja.

Huenda ukasoma hadi hapa ukataka kuniuliza ushahidi wa madhara ya klabu uko wapi. Ukiuliza hivyo nitajua wameshakuambukiza.

Nifikishie salamu kwa mama wa nyumbani kwako, kwa mhazini na tumbo lake, na kwa katibu muhtasi wako, umwambie ile skrini bado iko chini mno na shingo yake itanitafuta. Dereva wako unisalimie kwa sharti kwamba asikae tena na pochi kwenye mfuko wa nyuma. Mke wangu anakusalimu sana. Amesema salamu zake zisihesabiwe kuwa ni kuniunga mkono. Mama mkwe wangu anakusalimu kutoka kwenye kiti changu.

Naweka sahihi yangu kwa utii, na kwa mkono usiotetemeka,

Mkuu wa Kitengo cha Fiziotherapia
(Mzee wa Taa)

Baada ya sahihi: Bahasha nimeifungua tena, samahani kwa gundi.

Nilikuwa naileta barua hii kwako, nikamkuta Binti Ushahidi amesimama nje ya mlango wangu. Hakuwa na karatasi mkononi. Ana mgonjwa wake kwenye wodi ya wanaume, seremala mzee aliyepata kiharusi. Miguu yake ina nguvu, ameipima. Amemfanyia kila kitu kama makala zinavyoelekeza, hatua kwa hatua, kwa subira, nami nimemwona akifanya na hana kosa. Mzee hataki kusimama. Anaitazama sakafu anasema kesho. Na jana, binti anasema, mimi nilipita pale nikitafuta gongo lililopotea, nikazungumza na yule mzee kidogo tu, akasimama. Manesi walimwona. Binti akaniuliza nilimfanyia nini. Nikamwambia sikumfanyia kitu, nilimsalimia. Akasema kila mtu humo wodini anamsalimia.

Tukaenda wote. Nikamsalimia, nikasogea, mzee akashika kingo za kitanda akasimama. Tukamkalisha. Binti akasimama palepale niliposimama mimi, akasema maneno yaleyale niliyoyasema. Mzee akasema kesho. Nikarudi mimi, akasimama tena. Binti alikuwa ananitazama miguu, mikono, mahali ninaponyamaza. Halafu akaniuliza, naye hatanii, "Unafanya nini hapo, mzee wangu?"

Nilifungua kinywa nimweleze, mimi niliyewafundisha watu wa kada yangu karibu wote waliopita hapa. Nikamwambia, "Sijui."

Nilingoja acheke. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, maana huyo seremala alikuwa amemnyima usingizi. "Mimi pia sijui," akasema. "Nimesoma zote nilizozipata, hakuna iliyoandika. Njoo nalo Jumatano tulitafute."

Yule mzee alikuwa bado amesimama. Tulikuwa tumemsahau. Alituuliza kwa upole kama anaweza kukaa sasa au bado tunaendelea.

Basi, Mkurugenzi, barua yote iliyo juu ya sahihi ichukulie kuwa imeandikwa na mtu mwingine, isipokuwa sehemu ya kaptula. Chumba tuachie. Kama hiyo shughuli nyingine ni ya lazima, ipeleke kwangu. Benchi liko tupu. Nimekuwa nikifanya kitu humu ndani maisha yangu yote, wala sikijui ni kitu gani, na wale wa Jumatano ndio watu wa kwanza kuniuliza. Nimebakiwa na mwaka mmoja. Tafadhali usiifunge kabla sijajua.